Kutafuta ukoo wa Ireland kwenye hifadhi za nyaraka: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni mtu wa Tanga, makazi yangu Dublin. Mume wangu ni mzaliwa wa Liverpool, mji ambao familia nyingi zina bibi au babu aliyevuka bahari kutoka Ireland. Mavyaa wangu aliposikia tunahamia huku aliniagiza kitu kimoja tu: nimtafutie bibi yake alitokea kijiji gani. Nikadhani ni kazi ya Jumamosi moja. Ilinila miaka miwili na nusu, nauli nisizotaka kuzijumlisha, na jioni moja ya kulia kituo cha basi. Tangu hapo watu hawaishi kuniuliza: wenzangu waliooa au kuolewa huku, wengine wa Nairobi na Arusha wenye babu aliyekuja enzi za ukoloni, na wale wanaotafuta pasi. Haya ndiyo maswali yanayorudi.

Nianze na hifadhi ipi?

Usianze na hifadhi yoyote. Anza na wazee wako, na swali la kwanza liwe la mahali, jina la mtu baadaye.

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Tunaingia kwenye chumba cha kusomea tukidhani kuna orodha kubwa ya majina, unamtaja bibi, unaletewa faili lake. Hakuna faili la bibi. Nyaraka za Ireland hazikuandikwa kwa ajili ya mjukuu. Ziliandikwa kwa ajili ya mtoza kodi, padri, kabaila mwenye ardhi na karani wa kugawa chakula cha maskini. Kila mmoja wao aliandika watu kwa mahali walipokaa, na akazifunga karatasi zake kwa mahali. Ukiwa na jina la mtu bila jina la mahali, umekwenda sokoni na pesa za nchi nyingine.

Na mahali penyewe si kaunti. "Alitoka Mayo" au "alitoka Cork" haikusaidii kitu. Unahitaji kile ambacho wenyewe wanakiita townland. Mimi hukiita kitongoji, kwa sababu kinafanana sana na kitongoji cha Tanzania: eneo dogo, nyumba chache, lina jina lake na kila mwenyeji anajua linapoishia. Kisiwa chote kina vitongoji zaidi ya 60,000. Juu ya kitongoji kuna parokia ya kiserikali, ambayo mipaka yake si ya parokia ya Kikatoliki. Pembeni kuna eneo la nyumba ya maskini, yaani nyumba ya umma ya kuhifadhi mafukara, lililochorwa kuanzia 1838 bila kujali mipaka ya kaunti. Wilaya ya kuandikisha vizazi na vifo nayo ikafuata maeneo hayo ya maskini. Kwa hiyo mtoto anaweza kuzaliwa kaunti hii na kuandikishwa kwenye mji wa kaunti jirani, na usimwone miaka yote.

Jina la kitongoji ninalo. Si nimeshamaliza?

Kwetu ukimwambia mtu unakwenda Kibaoni atakuuliza: Kibaoni ipi? Ireland ni hivyohivyo. Majina mengi ni maelezo tu ya Kiairishi yaliyoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. *Baile*, yaani makazi, limekuwa Bally. *Cill*, kanisa, limekuwa Kil, na *coill*, msitu, nalo mara nyingine limekuwa Kil, usijue uko kanisani au porini. *Cnoc*, kilima, limekuwa Knock.

Mavyaa alikuwa akitamka neno alilolisikia kwa bibi yake, na masikio yangu yalisikia "nokbaani". Nikapekua nikapata Knockbaun, kilima cheupe, kaunti ya Galway. Furaha ikanijaa. Nikadamka, nikapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, nikafika kwenye hifadhi moja ya magharibi ambayo sina haja ya kuitaja, nikakaa saa nne nikifunua madaftari ya kodi ya nyumba, ukurasa kwa ukurasa. Jina la ukoo wetu halikuwemo hata mara moja. Saa kumi kasorobo, mama mmoja wa pale aliyekuwa akinitazama kwa huruma akanisogelea na kuniuliza kwa upole, "Lakini mpenzi, unatafuta Knockbaun ipi?" Akaniletea orodha. Ziko kadhaa, na si za kaunti moja.

Ndiyo siku niliyolia kituoni. Kosa halikuwa la hifadhi. Kazi ya kutofautisha hizo Knockbaun ningeweza kuifanya nyumbani na kikombe cha chai, kwa kutumia logainm.ie, ambayo ni kanzidata ya majina ya mahali ya nchi nzima, bure.

Nitalijuaje basi la kwangu?

Kwa kuwafuata ndugu. Mtu mmoja huacha alama chache. Ndugu sita huacha nyingi. Sensa za Uingereza zilituandikia bibi kwa neno moja tu mahali pa kuzaliwa: "Ireland". Aliyetuokoa ni mdogo wake, aliyeendelea hadi New York. Kuanzia 1907 fomu za abiria wanaoingia Marekani zilidai jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Ya kwake ikamtaja baba, Knockbaun, Mayo. Mstari mmoja wa karani wa bandari ya ng'ambo ulifanya kile ambacho safari zangu tatu za magharibi hazikufanya.

Pekua pia kadi za misa za marehemu, mawe ya makaburi, barua na bahasha zenye mihuri ya posta, matangazo ya vifo magazetini, na rejista ya ndoa ya parokia ya huko walikohamia. Mapadri wa mijini mara nyingi waliandika wazazi na walikotoka.

Ni kweli nyaraka zote za Ireland ziliungua?

Si zote, ingawa zilizoungua zinauma. Nyaraka za taifa zilikuwa zimewekwa kwenye jengo la Four Courts, kando ya mto Liffey, Dublin. Aprili 1922 wapiganaji waliopinga mkataba na Uingereza waliingia wakajichimbia humo. Tarehe 28 Juni jeshi la serikali mpya likaanza kuwapiga mizinga, na tarehe 30 kukatokea mlipuko na moto ulioteketeza karibu hazina yote. Vipande vya karatasi vilipeperuka juu ya mji kama majivu ya shamba la miwa. Wosia, kumbukumbu za mahakama, sensa za 1821 hadi 1851 isipokuwa masalia, na rejista za zaidi ya nusu ya parokia za Kanisa la Ireland, lile la Kianglikana, zilikwenda.

Lakini sikiliza kichekesho chake. Rejista za Waanglikana ziliungua kwa sababu kanisa lao lilikuwa la dola hadi 1871, na sheria zikawa zimeziita nyaraka za umma zinazostahili kutunzwa mahali salama. Za Wakatoliki hakuna aliyezidai, zikabaki kwenye masanduku na makabati ya mapadri vijijini, na ndiyo maana zipo. Rejista za serikali za vizazi, ndoa na vifo nazo zilikuwa ofisi nyingine, hazikuguswa.

Sensa nyingine hazikuungua kwa vita hata kidogo. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza karatasi zilipoadimika. Kwa hiyo mtu akikuambia "yote ni moto wa 1922", ujue amerithi hadithi, hajakagua. Hata baadhi ya wafanyakazi wa mapokezi huitumia kama njia ya mkato ya kukuondoa.

Tangu 2022 kuna mradi unaoongozwa na Chuo cha Trinity wa kuijenga upya hazina ile mtandaoni, kwa kukusanya nakala zilizokuwa zimetapakaa hifadhi za nchi nyingine. Unafaa zaidi kwa karne za nyuma kuliko kwa bibi wa 1870, ila kaangalie.

Basi sensa zilizobaki ni zipi, na kwa nini umri haulingani?

Zilizo kamili ni za 1901 na 1911, bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Ya 1921 haikufanyika, nchi ilikuwa vitani. Ya Aprili 1926 ilifungwa kwa miaka 100, yaani hadi Aprili 2026.

Ile ya 1911 ina jambo la kukutoa machozi: mke aliyeolewa aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Baba yake yule bibi yetu alikuwa ameshafariki, hivyo mama mjane hakuulizwa, lakini kwa jirani yao mlango wa pili nimesoma 11 na 7. Tarakimu mbili, hakuna maelezo.

Umri ni habari nyingine. Utakuta mwanamke ana miaka 55 mwaka 1901 na miaka 71 mwaka 1911. Usimdhanie ni mtu mwingine. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, na wengi walikuwa wamezaliwa kabla uandikishaji haujaanza. Hawakuwa na cheti. Wengine walithibitisha umri kwa kusema wanaukumbuka Usiku wa Upepo Mkuu, tufani ya Januari 1839 iliyoezua nyumba kisiwa kizima. Ni kama wazee wetu wanavyohesabu kwa mwaka wa nzige. Basi kumbukumbu za upepo zikaongezeka ghafla, hata kwa ambao ukipiga hesabu walikuwa hawajazaliwa.

Faida yake kwetu ni hii: maofisa wa pensheni walikwenda kuzikagua sensa za 1841 na 1851 kabla hazijaungua, na fomu zao za maombi zikabaki. Ziko kwenye tovuti hiyohiyo. Familia chache zimefufuka kwa njia hiyo.

Kuna mambo gani ya kumaliza nyumbani kabla ya kupoteza nauli?

Vizazi, ndoa na vifo: irishgenealogy.ie, tovuti ya serikali, inaonyesha picha za kurasa za rejista zenyewe, bure. Vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa za zaidi ya 75, vifo vya zaidi ya 50. Uandikishaji wa wote ulianza Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza Aprili 1845.

Ubatizo na ndoa za Kikatoliki: Maktaba ya Taifa iliweka picha za rejista mtandaoni mwaka 2015, nyingi zikiishia karibu na 1880. Hazina faharasa kwenye tovuti hiyo. Unafunua mwenyewe.

Ardhi: kitabu cha makadirio ya kodi kinachojulikana kwa jina la msimamizi wake, Richard Griffith, kilichochapishwa kati ya 1847 na 1864. Kinamtaja mwenye kaya tu. Mke na watoto usiwatafute humo. Kabla yake kuna madaftari ya zaka ya kanisa ya miaka ya 1823 hadi 1837, nayo yana wakulima, si watu wa mjini.

Ukiwa hujamaliza haya na umeshakata tiketi, nakuonea huruma.

Kama yote hayo yako mtandaoni, kwa nini niende hifadhini?

Kwa sababu mtandaoni utajua alizaliwa lini. Hutajua aliishije. Hifadhi za kaunti na vyumba vya historia ya mahali kwenye maktaba vina madaftari ya kodi ya halmashauri, kumbukumbu za bodi za nyumba za maskini, hesabu za mashamba ya makabaila zenye majina ya wapangaji na madeni yao, rejista za baadhi ya shule, vitabu vya makaburi, na magazeti ya mji kwenye filamu. Huko ndiko utakapomkuta babu ameshtakiwa kwa kuacha punda wake azurure barabarani, na hapo ndipo anapoanza kuwa mtu.

Ila usiende na matumaini sawa kwa kila kaunti. Kuna zenye mtunza nyaraka, chumba cha kusomea na katalogi mtandaoni. Kuna zenye mtu mmoja anayefanya kazi zote, siku mbili kwa wiki, na akiugua mlango unafungwa.

Siku ya kwanza itakuwaje?

Andika barua pepe wiki mbili au tatu kabla. Usiseme "natafuta ukoo wangu". Sema "nahitaji daftari fulani, la eneo fulani, la miaka fulani". Barua ya kwanza itajibiwa kwa maneno ya jumla, ya pili itajibiwa na mtu. Uliza mambo matatu: kama lipo, kama liko jengo hilohilo au ghala la mbali, na kama limetolewa kwenda kukarabatiwa. Mimi nimewahi kufika nikaambiwa kitabu nilichokifuata kiko kwa mkarabati tangu mwaka uliopita. Kwenye katalogi kilikuwa kimekaa vizuri kabisa.

Ukifika, koti na begi vinaingia kabatini, na makabati mengine yanadai sarafu ya kufungulia, kwa hiyo usije na kadi tupu. Kalamu ya wino hairuhusiwi. Penseli, karatasi, simu au kompyuta, basi. Maji na chakula nje. Hifadhi kubwa zitakufanyia kitambulisho cha msomaji, uje na pasi na barua inayoonyesha unapokaa. Glavu nyeupe za kwenye filamu zisahau. Mara nyingi wanataka mikono mikavu, iliyooshwa, kwa sababu glavu huondoa hisia za vidole na karatasi inachanika.

Kitabu chenyewe kitaletwa juu ya mto wa sponji. Ukurasa usiotaka kutulia unauwekea kamba nzito iliyoshonewa kwenye kitambaa, wenyewe wanaiita nyoka. Nakumbuka mara ya kwanza: jalada la ngozi lililopauka na kuacha unga mwekundu kwenye vidole, harufu kama ya kabati la khanga zilizokaa miaka bila kuanikwa, na mwandiko wa karani aliyebana maneno ili asimalize karatasi ya serikali. Nusu saa nzima nilisoma mstari mmoja.

Na kuna chakula cha mchana. Ofisi nyingi ndogo hufunga saa saba hadi saa nane, na wewe unatolewa. Madaftari huacha kuletwa muda mrefu kabla ya kufunga. Siku yenye masaa saba kwenye tangazo, kazini ni masaa manne na nusu.

Nimeambiwa "hatuna". Nikubali?

Uliza "hamna" ya aina gani. Kuna haikuandikwa kamwe, kuna iliandikwa ikapotea, kuna ipo kwenye ofisi nyingine, na kuna ipo ila haijaorodheshwa. Hiyo ya mwisho ni nyingi kuliko wanavyopenda kukiri. Uliza kwa adabu: "Kama ingekuwepo, ingekuwa kwa nani?" Swali hilo limenifungulia milango zaidi kuliko hasira, na hasira nimewahi kuijaribu.

Nimepata mahali, nimepata daftari, jina halimo.

Limo, umelitafuta kwa tahajia yako. Herufi O' na Mac mbele ya majina ya ukoo ziliangushwa na watu wengi katika karne za utawala wa Kiingereza, na baadhi wakazirudisha mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo baba ni Sullivan, mwana ni O'Sullivan, na wote wawili hawakuwa wakiona tofauti.

Majina ya kwanza ndiyo balaa zaidi. Padri aliandika kwa Kilatini: James ni Jacobus, William ni Gulielmus, Charles ni Carolus. Majina ya Kiairishi yalivalishwa mengine yasiyofanana nayo: Diarmuid akawa Jeremiah, Conchobhar akawa Cornelius, Tadhg akawa Thaddeus au Timothy. Sisi tuliozoea mtu kuwa na jina la dini, jina la nyumbani na jina la shule hatupaswi kushangaa, lakini bado nilinaswa. Bibi wa mavyaa aliitwa Delia maisha yake yote Liverpool, na hata kaburi lake limeandikwa Delia. Miezi minane nilimtafuta Delia. Hakuwepo, kwa sababu Delia ni njia ya kumwita Bridget. Serikalini ni Bridget. Kanisani ni Brigida.

Pale ambapo nusu ya kijiji ni Murphy, makarani wenyewe walichoka. Kwenye makadirio ya Griffith utaona John Murphy wawili, na pembeni ya mmoja limeandikwa Pat. Hilo si jina lake la pili, ni baba yake: John wa Pat. Wengine walitambulishwa kwa rangi ya nywele au ukubwa wa mwili. Ukiona Red, ni mwekundu wa nywele.

Tarehe nazo usiziabudu. Mzazi aliyechelewa kuandikisha alitozwa faini, basi akaisogeza mbele siku ya kuzaliwa. Utakuta mtoto amebatizwa wiki mbili kabla ya kuzaliwa. Mwamini padri.

Naweza kwenda parokiani moja kwa moja?

Kwa ubatizo wa baada ya 1880 huenda ukalazimika. Fahamu tu kwamba rejista ni mali ya parokia na hakuna sheria inayowalazimisha kukuonyesha. Aliye na funguo si padri, ni katibu, na katibu anafanya kazi asubuhi chache kwa wiki. Andika barua fupi, taja miaka mitano isizidi, weka bahasha ya sadaka. Usiende Jumapili baada ya misa ukitarajia padri akufungulie kabati. Nimeona mwenzangu akifanya hivyo na sikufurahia kusimama karibu naye.

Kwa Waanglikana, rejista zilizookoka zimegawanyika kati ya parokia zenyewe na maktaba ya kanisa lao, Churchtown, Dublin.

Babu yangu aliingia nyumba ya maskini wakati wa Njaa Kuu. Nitamwona?

Pole, huenda usimwone. Watu kiasi cha milioni moja walikufa kati ya 1845 na 1852 na wengine zaidi ya milioni wakaondoka, na wengi wao hawakuandikwa na mtu. Nyumba za maskini ziliongezeka kutoka 130 hadi 163, lakini kilichobaki kwa wingi ni mihtasari ya vikao vya bodi: tani ngapi za unga wa mahindi, nani apewe zabuni ya majeneza, wangapi wamekufa wiki hii. Rejista zenye majina ya walioingia zimebaki kwa bahati, eneo hadi eneo. Niliwahi kusoma mihtasari ya mwaka 1847 kwa siku nzima. Idadi ya wiki inapanda, inapanda, na mwandiko wa katibu unabaki nadhifu vilevile. Sikuirudia.

Na Ireland Kaskazini?

Ni dola nyingine tangu mgawanyo wa 1921, na ofisi ni nyingine. Hifadhi kuu ni PRONI, Belfast, na ni mahali pazuri pa kufanyia kazi. Kumbuka tu kwamba kabla ya mgawanyo ilikuwa nchi moja, kwa hiyo sensa za 1901 na 1911 za kaskazini ziko kwenye tovuti ya Dublin. Na kule kusini, majina yaliyobadilishwa yasikuvuruge: King's County ndiyo Offaly, Queen's County ndiyo Laois, Queenstown ndiyo Cobh.

Natafuta hizi karatasi kwa ajili ya pasi.

Ukiwa na bibi au babu mzaa mzazi aliyezaliwa popote kisiwani Ireland, unaweza kuandikishwa kwenye Rejista ya Waliozaliwa Nje, ukawa raia, kisha ndiyo uombe pasi. Mzazi wa bibi peke yake hatoshi, isipokuwa mzazi wako alikuwa tayari raia wewe ulipozaliwa. Picha ya tovuti haikubaliki. Unahitaji cheti kamili kutoka ofisi ya uandikishaji. Kwetu hesabu ilitoka hivi: mavyaa anastahili, mwanawe hastahili. Mezani utani huo haujaisha.

Nataka kujua ukoo wa sista au padri Mwairishi aliyetulea kwetu.

Swali zuri, na nalipata sana kutoka Kenya na Uganda. Cheti cha kuzaliwa kitakuwa Ireland, lakini maisha yake yako kwenye shirika lake. Mfano ni Mama Kevina wa Uganda. Alizaliwa Teresa Kearney, Arklow, kaunti ya Wicklow, mwaka 1875, kwa hiyo rejista ya serikali inamhusu. Utawani aliingilia Mill Hill, London, akafika Uganda 1903. Ukikaa Wicklow ukisubiri barua zake utasubiri sana. Muulize kwanza mtunza nyaraka wa shirika husika. Hizo ni hifadhi za watu binafsi. Wanakaribisha kwa miadi, na wanaweza kukataa.

Na bibi wa mavyaa ulimpata?

Nilimpata Dublin, dakika 20 kutoka nyumbani kwangu, baada ya kuzunguka magharibi yote. Baada ya Griffith, ofisi ya makadirio iliendelea kuyarekebisha madaftari yake kwa miongo mingi: mpangaji akifa au akihama, karani alikata jina kwa mstari na kuandika la anayefuata juu yake, na kila marekebisho yakatumia wino wa rangi yake ili mwaka ujulikane. Nikaletewa daftari la Knockbaun ya kweli. Jina la baba yake Bridget lipo, limekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake mjane. Mjane amekatwa kwa bluu. Juu ya mjane kuna mwanamume mwenye jina la ukoo tusilolijua, kwa kijani, na shamba ni lilelile, ekari zilezile.

Niliupiga picha ukurasa huo nikamtumia mavyaa. Nilitegemea atalia au atashukuru. Alikaa kimya kama dakika kumi, kisha akaandika: "Na huyu wa wino wa kijani ni nani?"

Nina miadi Alhamisi ijayo.